Ngwatio Bila Wimbo

Baba mkwe wangu alipigana Bama katika jeshi la Waingereza, na hakukubali mtu yeyote asahau. Jioni alikaa kwenye kigoda na kupanga magunzi ya mahindi chini: haya Wajapani, haya sisi, hapa mto. Gunzi refu kuliko yote lilikuwa yeye mwenyewe. Alimalizia vilevile kila mara, kwamba vita havigeuki kwa bunduki, vinageuka siku upande mmoja unapokosa chakula. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe nikimcheka kimoyomoyo, maana chakula cha shujaa huyo nilikipika mimi, na kikichelewa kidogo alinuna mpaka kesho yake.

Kisha vita vikaja kwetu, upande huu wa Ruiru. Serikali ilivunja nyumba zetu za mashambani ikatusonga wote kwenye kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki. Handaki hilo tulilichimba wenyewe, wanawake, homgadi, wenzetu waliolindia serikali, wakitusimamia na fimbo mkononi, tukasimika ndani yake vijiti vya mianzi vilivyochongwa. Nia yao ilikuwa kuwanyima chakula wanaume walioingia msituni kupigana na serikali. Mume wangu hakuwa msituni. Alikuwa kambini amefungwa, kwa kosa ambalo hakuna aliyetuambia.

Miaka baadaye nimesoma kwamba hapo ndipo vita viligeuka. Sikatai. Lakini nilipofika kwenye ukurasa huo nilikifunga kitabu kwa hasira, maana aliyekiandika hakuwahi kupakata mtoto anayenyonya titi lililokauka.

Binti yangu alikuwa hajaanza kutembea. Lango lilifunguliwa mchana kwa muda mfupi tu, kama wa kuchemsha viazi, tukimbilie mashambani na kurudi. Firimbi ikilia, uwe ndani. Aliyechelewa alichapwa na kiondo chake kikamwagwa mtaroni.

Baba mkwe alitupangia vita kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Kila mutu na njia yake! Mukienda pamoja, adui napiga nyinyi yote mara moja."

Tulimtii, kwa kuwa kati yetu ndiye pekee aliyewahi kuzingirwa. Tulitawanyika kama kuku. Wenye mashamba ya karibu tulichimbua viazi vichache, tukajaza nusu kiondo. Wenye mashamba ng'ambo ya mto walifika, wakashika jembe, firimbi ikalia. Ndani ya nyumba kilio cha mtoto wangu kilikuwa kinapungua kila siku, na kule kupungua ndiko kulikonitia hofu.

Mama mkwe ndiye aliyechoka kwanza. "Kwani siku zote tulikuwa tunalima vipi?" alituuliza tukingoja maji. "Si kwa ngwatio? Leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule. Basi tuvune hivyo hivyo, na tunachovuna tugawane. Tukifika wengi, hata shamba la mbali tutalimaliza kabla ya firimbi."

"Hiyo ni kazi ya jembe, si ya vita," baba mkwe akafoka.

"Basi wewe kula vita," akamjibu, akatugeukia sisi.

Ugumu ulikuwa mmoja. Wanawake wakionekana pamoja ilihesabiwa kuwa ni mkutano, na mkutano ulikuwa na adhabu yake. Tukakubaliana kutoka langoni mmoja mmoja, tukutane shambani, tusiongee. Na tusiimbe, jambo lililotuuma, maana hakuna ngwatio isiyo na wimbo.

Tulianza na shamba langu kwa kuwa lilikuwa karibu na lango. Sitasema nilifurahi. Nilisimama nikiwatazama wanawake wakikung'uta udongo kwenye viazi vyangu, huyu anachimba, yule anapakia, mpaka hapakubaki hata shina. Nilimnong'oneza mama mkwe, "Na zamu zao zikikosa kufika?"

"Basi utakuwa umewalisha watoto. Chimba, maitũ," akanijibu, akiniita mama kwa upendo.

Siku zilizofuata lango halikufunguliwa kabisa. Waya za simu zilikuwa zimekatwa barabara ya Thika, nasi tukaadhibiwa wote. Mgawo wangu uliisha, shamba langu lilikuwa jeupe, na kila nilipomtazama mama mkwe alitazama pembeni. Niliapa kwamba lango likifunguliwa nitaenda kwa zamu ya mwenzangu hata kama nitaenda nikitambaa, kwa sababu njia nyingine sikuwa nayo.

Likafunguliwa. Zamu zikaendelea, shamba kwa shamba, nasi tukawa wepesi kuliko homgadi walivyodhani. Baba mkwe alikula viazi vyake bila kutoa amri. Binti yangu akaanza tena kulia kwa nguvu, nikamshukuru Mungu kwa zile kelele.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya jirani yangu, mwanamke wa rika langu ambaye shamba lake lilikuwa mbali kuliko yote, ng'ambo ya mto. Alikuwa amechimba kwetu sote. Kabla zamu yake haijafika, mtoto wake wa kiume aliharisha, na mwili uliodhoofika kwa njaa haukuweza kushindana. Tulimzika kando ya handaki.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alienda kumwambia apumzike, tutaliacha shamba lake. Hakumkuta nyumbani. Tulimkuta langoni, jembe begani, wa kwanza kwenye mstari.

"Ni zamu yangu," alisema.

Tulikimbia, tukavuka mto, tukachimba kama hatujawahi kuchimba. Yeye ndiye aliyefungua tuta la kwanza. Aliokota viazi vyake vya kwanza, vikubwa, akaja navyo moja kwa moja hadi niliposimama, akavitia kwenye kiondo changu.

"Wako bado ananyonya," alisema.

Nikaanza kulia, nikaufunika uso kwa leso.

"Utalia tukirudi," akaniambia, akiwa ameshainama. "Saa hii chimba."