Kidude Kilichokalia Waya

Miaka ile ya Zaïre, barabara ya Shabunda ilipokuwa imekwisha kurudi porini, mtu wa Bukavu aliyetaka kusikia sauti ya ndugu yake huko alikwenda kwenye phonie. Mjini kwetu ilikuwa moja tu, ya misheni upande wa Muhumba: redio ya kijivu juu ya meza, betri ya lori chini yake, na foleni ya watu saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Akiongea mmoja, wote wa Bukavu, Mwenga na Shabunda walinyamaza, maana njia ilikuwa moja. Na mtu yeyote akisahau kidole juu ya kitufe cha kusemea, hakuna aliyesikia kitu mpaka akiondoe. Jambo hilo nililijua vizuri. Nalitaja mapema ili nisije nikajitafutia udhuru baadaye.

Nilikuwa fundi wa redio. Jumatatu moja wakaniletea ile phonie, kioo giza, imekufa kabisa. Nyuma ya mbebaji akaja maman mmoja wa mtaa wa Cimpunda, akaketi kwenye benchi yangu bila kuomba ruhusa. Mumewe alikuwa akichimba dhahabu Shabunda. Jiwe lilikuwa limemponda mguu na kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Watu wa misheni walikuwa wamempatia nafasi kwenye ndege ndogo ya Alhamisi asubuhi, lakini mgonjwa mwenyewe hakuwa na habari, na kutoka shimoni hadi kiwanja cha ndege ilikuwa mwendo wa siku nzima juu ya machela. Ujumbe ulipaswa kufika Shabunda Jumanne, isizidi Jumatano asubuhi. Maman alinieleza hayo polepole, kisha akasema:

"Papa fundi, akikosa ile avion, muguu yake itakwisha."

Nikafungua mashine. Redio za zamani nilizitengeneza hata nikisinzia, lakini hii ilikuwa ya kisasa. Ndani yake mlikuwa na vidude vyeusi vyenye miguu mingi, tulivyoviita puce kama Wafaransa. Kimoja kikubwa, chenye miguu arobaini, kilitoa amri. Vingine vidogo vilipokea: kimoja kuchagua kanali, ile njia ya kusemea, kimoja kutunza kumbukumbu, kimoja kuwasha namba za kioo tu. Vyote viliongea juu ya nyaya mbili zilezile. Waya mmoja ulipiga hatua kama ngoma ya gwaride, mwingine ulibeba maneno. Waya wa maneno ulishikiliwa juu, kwenye volti tano. Anayesema aliuvuta chini, akimaliza akauachia.

Nikaona vyote vimenyamaza, nikasema kile kikubwa kimekufa. Sikupima kitu. Sisi tulikulia katika nchi ya chama kimoja: ofisi nzima ikinyamaza, tulijua mkubwa amesafiri au amekasirika, na hakuna aliyefikiria kumwuliza mlinzi wa mlango. Hata vitabu vya mashine tulivisoma kwa akili hiyo.

Jumanne nikapanda boti kwenda Minova, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na redio kama ile, iliyopigwa na radi upande wa antena tu. Nikaing'oa puce yake kubwa, nikarudi jioni nimelowa hadi mifupa. Jumatano asubuhi nilikuta maman ameshafika. Nikalehemu miguu arobaini, mmoja mmoja, macho yakiwaka na mgongo ukiuma. Nikaunganisha betri. Kimya, kama Jumatatu.

Maman aliweka mbele yangu muhogo wa kuchemsha uliofungwa katika jani, akarudi kwenye benchi. Sikuweza kuula.

Ni uchovu ulionifanya nichukue kipima umeme, si akili. Nikagusa waya wa maneno. Mshale haukuinuka hata kidogo. Sifuri, pale palipotakiwa volti tano. Nilikaa nikiutazama mshale ule, nikamkumbuka yule anayesahau kidole juu ya kitufe. Nikaanza kuinua miguu ya vidude vidogo kutoka kwenye waya, kimoja baada ya kingine. Cha tatu kilipoachia, mshale ukaruka, na spika ikaanza kukoroma.

Kilikuwa kile cha kuwasha namba. Kidude cha chini kuliko vyote kilikuwa kimekalia waya, na wakubwa wote wamefungwa mdomo. Kazi yenyewe haikufika dakika kumi. Ningeweza kuifanya Jumatatu kabla ya chai.

Saa tisa tulikuwa Muhumba. Kioo kilibaki giza, maana kidude chake nilikiacha nje ya waya, na mwendeshaji wa phonie akatafuta kanali kwa kuhesabu mibonyezo. Shabunda ikaitika, na mjumbe akatumwa shimoni papo hapo. Lakini machela ilifika kiwanjani Alhamisi jioni, na ndege ilikuwa imeruka tangu asubuhi.

Ijumaa mgonjwa mwenyewe aliletwa kwenye phonie ya kule. Nilikuwepo, nimekuja kukaza waya wa betri. Sauti yake ilikuwa ya mbali na ya kuchoka.

"Juu ya nini mulinyamaza?"

Maman akanitazama. Alikuwa amekaa kwangu Jumatatu na Jumatano. Aliona nilianzia wapi na nilimalizia wapi. Nikangoja aseme.

"Mashini ilikufa," akajibu. "Papa fundi alitumika kazi siku tatu. Hata chakula hakukula."

Ndege iliyofuata ilikuja baada ya wiki mbili. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Mume yule alipopona alishuka kutoka Cimpunda kwa magongo, akapanda ngazi zangu sita, jasho likimtiririka, kwa sababu mkewe alikuwa amemweleza jinsi nilivyohangaika. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, magongo akiwa ameyabana makwapani.

"Aksanti sana, papa. Bila weye ningekufia kule."

Nilitaka kumwambia juu ya Jumatatu na zile dakika kumi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikamletea kiti, nikamwambia ni kazi yangu.