Bwana Vitanda

Usiku ule sikupata usingizi, nikisubiri simu ya kuniambia kama makao ya walemavu anamoishi binti yangu yatasajiliwa au yatafungwa. Haikulia. Asubuhi nikaenda mwenyewe, nikamkuta afisa anayepanga ada za usajili, yule tunayemwita Bwana Vitanda, kwa sababu yeye huhesabu vitanda, si watu. Kila godoro hulibonyeza kwa kidole kimoja, kisha hukipangusa kwa leso, hata kama shuka limetoka kufuliwa. Sauti yake ni ya upole, ya mtu anayetoa pole msibani huku akiulizia chakula. "Kitanda hiki kinakohoa," alimwambia matroni wa makao, akimnyooshea kidole mzee wa watu aliyelala. Alipofika kwa binti yangu akatabasamu, akamgeukia matroni. "Hiki ndicho kinachowaponza, dada. Mama huyu akirudi nacho nyumbani, mtakuwa makao madogo, ada itashuka. Kikibaki, hamtaiweza, nami nitafunga."

"Mimi siyo kitanda, anko," binti yangu akasema. Bwana Vitanda akashtuka kama mtu aliyesemeshwa na kabati. Nashinda kazini, nyumbani nani angemgeuza ubavu? Matroni alimbeba binti yangu, akamlaza kwenye godoro sakafuni, kisha yeye na mpishi wakakiburuta kitanda kitupu hadi uani. "Kimeondoka, bwana mkubwa. Hesabu upya." Akahesabu, akaandika ada ndogo kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino, halafu akatoka kwenda uani kukihakiki. Alipoinama kukibonyeza, matroni akafunga mlango na kutia komeo kwa ndani.