Dakika Tatu za Mwisho za Upande wa Pili

Saa tatu asubuhi ya Ijumaa, Rubiah binti Awang ameketi kwenye baraza la nyumba ambayo hajawahi kufika, nje kidogo ya mji wa Pasir Mas, jimboni Kelantan, anazungusha kaseti kwa penseli. Vidole vyake vinanuka budu, mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi, ingawa amevisugua kwa sabuni mara mbili kabla ya kutoka nyumbani. Ukungu mweupe umeota pembeni mwa utepe. Anaupuliza, anaufuta kwa pamba, anazungusha tena.

“Taratibu, dada,” anasema mdogo wake, Jaharah. “Ile tuliyoipata Tumpat uliikata hivi hivi.”

“Ya Tumpat uliikata wewe.”

“Mimi? Haya, mimi. Zungusha.”

Kwenye jalada la kaseti kuna mwanamke mwenye batiki ya kijani na midomo iliyopakwa rangi nyekundu. Ni Rubiah mwenyewe, akiwa na miaka thelathini. Leo ana miaka sitini na saba, ameuza budu sokoni Kota Bharu nusu ya maisha yake, na siku ikimwendea vizuri hurudi nyumbani na ringgit arobaini. Wateja humwita Kak Biah, yaani Dada Biah. Wengi wao wangekucheka ukiwaambia kwamba mama huyu anayegombana nao kwa ajili ya chupa tupu aliwahi kutunga na kuimba nyimbo arobaini na sita.

Zilitoka katika kaseti tano, kati ya mwaka 1981 na 1988. Zote alizitunga huku akikoroga samaki na chumvi kwenye mapipa ya mama yake, na hakuandika hata mstari mmoja kwa sababu hajui kuandika. Aliimba kuhusu wanaume wanaovuka mpaka kwenda Golok wakasahau njia ya kurudi, kuhusu bei ya utomvu wa mpira, kuhusu wanawake wa soko na ndimi zao.

“Nyimbo za kuudhi watu,” anasema Jaharah. “Mume wangu wa kwanza yumo kwenye kaseti ya pili. Hakunisamehe.”

“Hakuwa na cha kusamehe. Sikumtaja jina.”

“Ulitaja pikipiki yake!”

Rubiah anacheka kidogo, kisha anarudi kwenye penseli yake. Hakuja hapa kwa ajili ya nyimbo arobaini na sita. Amekuja kutafuta sekunde nne.

Wimbo wa mwisho wa kaseti ya tano ulirekodiwa katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la fundi cherehani. Siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwachia mwanawe Zaim, mtoto wa miaka mitano, akaja naye. Taa nyekundu ilipowaka, kumaanisha mashine imeanza kunasa, kila mtu alinyamaza isipokuwa yeye.

“Akasema, ‘Mama, anza basi, nina njaa,’” anakumbuka Rubiah. “Taa ilikuwa imeshawaka. Sikuweza kumjibu. Nikaanza kuimba. Fundi wa mashine akacheka, akasema tuiache vile vile, watu wataipenda.”

Miaka miwili baadaye Zaim alishikwa na homa ya dengi. Aliugua Jumatatu, akazikwa Alhamisi. Picha zake zilikuwa tatu, na maji ya mafuriko yalizichukua zote. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti ile tu.

Na kaseti ile, Rubiah aliifuta kwa mkono wake.

Kila Ijumaa asubuhi miaka ile, mji wa Kota Bharu ulijaa watu waliokuja kusikiliza darasa la dini la Mwalimu Haji Wan Sulong. Walikaa barabarani juu ya mikeka na magazeti, na mbele ya meza yake walipanga redio kaseti zao ili wakasikilize tena nyumbani. Kaseti tupu zilikuwa ghali. Kaseti za nyimbo zilizododa zilikuwa za kumwaga. Kiwandani zilivunjwa vijino viwili vya plastiki ili mtu asirekodi juu yake, lakini Kelantan nzima ilijua dawa: ziba tundu kwa karatasi iliyokunjwa, bonyeza, imekwisha.

Mwaka 1993 Rubiah aliacha kuimba. Hakulazimishwa na mtu. Anasema alikuwa amechoka, mwanawe amekufa, na wanawake wenzake msikitini walikuwa wakimtazama vibaya. Nyumbani alibaki na kaseti sitini na mbili za toleo la tano ambazo hazikununuliwa; zile chache zilizouzwa hakujua zilikwenda kwa nani. Alizigawa sadaka, moja moja, ili watu warekodi darasa la Ijumaa.

“Na karatasi za kuzibia nilizikunja mimi,” anasema. “Niliwarahisishia kabisa.”

Nje ya hizo alibakiza moja ya kwake, ili asimpoteze Zaim. Hiyo ilimsumbua. Aliogopa kuwa na nyimbo ndani ya nyumba, na aliogopa zaidi kumfuta mtoto. Wanawake hawakuuliza maswali kwa sauti pale darasani. Waliandika kwenye karatasi, ikapitishwa mkono kwa mkono hadi mezani kwa Mwalimu. Tarehe 3 Desemba Jaharah alimwandikia swali, bila jina. Halikusomwa. Tarehe 10 Desemba wakakaa tena mpaka dua ya mwisho. Halikusomwa.

“Nikasema, basi, Mwalimu ameona aibu kunijibu mbele za watu,” anasema Rubiah. “Kunyamaza kwake ndiyo jibu. Jumatano yake nikaziba lile tundu, nikafungua redio wakati wa kisomo, nikabonyeza. Nikakaa pale mpaka pande zote mbili zikaisha.”

Ijumaa iliyofuata hakwenda. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya kwao, na maji yalifika kwenye ngazi ya tatu ya nyumba yao. Mafuriko hayo hayo yaliingia kwenye chumba cha fundi cherehani na kuharibu tepu zote za mwanzo, zile ambazo kaseti zilinakiliwa kutoka kwazo.

Jambo lililomwamsha tena lilitokea miaka sita iliyopita. Mteja mmoja alimletea kaseti aliyoikuta kwa marehemu baba yake. Ilikuwa na darasa la Ijumaa, kama alivyotarajia. Lakini darasa liliisha kabla ya utepe kuisha, mwenye redio akazima, na kile kipande cha mkiani kikabaki kama kilivyotoka kiwandani. Ghafla, baada ya “amina”, Rubiah alisikia sauti yake mwenyewe ikiimba kwa sekunde ishirini.

Tangu siku hiyo hukusanya mikia. Wimbo wa mwisho una dakika tatu na sekunde arobaini, na Zaim yuko mwanzoni kabisa. Kwa hiyo anahitaji kaseti ambayo Mwalimu alimaliza mapema, au mwenye redio akaishiwa betri. Amepata kumi. Saba zimefunikwa hadi mwisho. Mikia ya tatu zilizobaki ni sekunde ishirini, dakika moja, na dakika mbili na nusu. Hii iliyo mkononi mwake ni ya kumi na moja.

Mwenye nyumba, Mama Selamah, mjane wa miaka sabini na tisa, anatoka na birika la chai. Tangu wafike amekuwa akiitazama kaseti kama mtu anayemtazama mgeni aliyembeba mjukuu wake.

“Nimesema mtasikiliza hapa hapa,” anakumbusha. “Haitoki kwenye baraza hili.”

“Haitoki, mama,” anajibu Rubiah.

“Marehemu Harun alinasa mwenyewe. Ameandika na tarehe, ona. Alikaa mbele kabisa. Mtamsikia.”

Jaharah anatoa redio kaseti kwenye kikapu cha budu. Kaseti inaingia. Sauti ya Mwalimu inatoka, nzee, yenye mikwaruzo na mzaha. Anazungumzia haki za jirani. Watu wanacheka. Karibu na redio mwanaume anakohoa mara mbili, na Mama Selamah anainua kidole.

“Huyo,” anasema. “Huyo ndiye yeye.”

Wote wanasikiliza hadi upande wa pili. Jaharah ameweka saa yake juu ya mkeka. Mwalimu anaanza kufunga darasa mapema kuliko kawaida. Anasema mvua inakuja, waliotoka mbali wawahi njia. Jaharah anatazama utepe uliobaki, anamtazama dada yake. Zimebaki dakika tano na zaidi. Rubiah amefumba macho, na mkono wake umeng'ang'ania upindo wa sarong aliyojifunga kiunoni.

“Subirini kwanza,” inasema sauti ya Mwalimu. “Msiinuke. Kuna karatasi hapa ilijificha ndani ya kitabu changu wiki mbili. Nisameheni. Ni ya mama mmoja, hakuandika jina.”

Jaharah anaweka mkono mdomoni.

“Anasema alikuwa mwimbaji, ameacha. Ana kaseti moja, ndani yake yumo mwanawe aliyefariki, anaongea kidogo kabla ya wimbo. Anauliza, aifute?”

Marehemu Harun anakohoa.

“Mama, popote ulipo leo, usiifute. Iweke. Ukimkumbuka mwanao, ifungue, umsikilize, kisha umwombee. Nani kati yenu hapa angefuta sauti ya mtoto wake? Mimi nilimzika binti yangu mwaka wa sitini na saba. Sina hata picha. Ningepata neno lake moja, ningelala nalo chini ya mto. Usiifute, mama. Aliye jirani yake amwambie.”

Anaendelea kidogo, anasoma dua, watu wanaitikia amina. Halafu kile kishindo kidogo cha kitufe, na Rubiah wa miaka thelathini anaingia katikati ya ubeti wa kwanza, sauti safi, ngoma nyuma yake. Mtoto ameshapita. Mwalimu alimfunika wakati akijibu.

Redio inajizima yenyewe. Kwenye jalada, kwa kalamu ya bluu ya marehemu Harun, imeandikwa: Ijumaa, 17 Desemba 1993.

“Ile karatasi ni yetu,” anasema Jaharah, na anaanza kulia. “Dada, niliiandika mimi.”

“Najua.”

“Tungekwenda. Tungepanda hata mtumbwi.”

“Nyamaza, Jah.”

Rubiah halii. Anasema, bila kumtazama mtu, “Nilisubiri Ijumaa mbili. Ingekuwa tatu tu.”

Mama Selamah hakuwa amejua lolote. Anapoelezwa, anatoa kaseti kwenye redio, anaipangusa kwa ncha ya ushungi wake na kumkabidhi mgeni. “Chukua. Mimi nimeshamsikia sana mzee wangu. Na wewe mwimbaji ndiwe mwenye mali.”

Rubiah anaishika kwa muda. Kisha anairudisha kwenye jalada lake, anamwekea mwenye nyumba mapajani.

“Hapana, mama. Mumeo yumo.”

Mama Selamah anang'ang'ania wale chakula kwanza, wanakula wali na samaki na budu iliyotoka kwenye kikapu cha Rubiah mwenyewe. Jaharah anasema imezidi chumvi. Dada yake anamwambia kwamba machozi yake ndiyo yamezidi chumvi, ale anyamaze. Kabla ya kuondoka, Rubiah anaomba jambo moja tu: arudishiwe utepe nyuma, asikie tena pale kwenye karatasi. Anasikiliza akiwa amesimama, viatu mkononi.

Kati ya kaseti sitini na mbili alizogawa, bado hajazifuata hamsini na moja. Baadhi zimeoza, baadhi zimetupwa, na wengi wa waliozipokea wamekufa. Ijumaa ijayo wataenda Machang, kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa, ambaye mkwewe amesema kuna sanduku darini.

“Sasa namtafuta mtu mvivu,” anasema, akikunja sarong ili apande pikipiki nyuma ya mdogo wake. “Aliyepokea sadaka yangu akaitia kabatini, akalala nyumbani Ijumaa zote. Lazima yupo. Kelantan haikosi wavivu.”

“Yupo,” anasema Jaharah. “Nilimwacha mwaka wa themanini na tano. Ana pikipiki.”

Akiulizwa atafanya nini siku akiipata, Rubiah hafikirii sana. Inaonekana jibu amekuwa nalo siku nyingi.

“Nitamjibu,” anasema. “Siku ile taa ilikuwa imewaka, sikuweza. Nitamwambia, haya baba, wimbo umekwisha, twende tukale.”