Ukuta wa Viganja Uliomea Wimbi

Nyinyi watoto mtakaosoma haya, kwanza toeni hizo nyaya masikioni mkae vizuri. Mkono wangu umezoea jembe na majani chai kuliko kalamu, kwa hivyo kila neno hapa limenitoa jasho. Sitaki mlipite mbio kama mbuzi aliyeona shamba ambalo mwenyewe hayupo.

Mjukuu wangu wa kidato cha nne alikuja likizo fupi akiwa amenuna. Shuleni kwao wamemchagua yeye na wenzake watengeneze kitabu cha mwaka, kile chenye picha za wote wanaomaliza, ili hata wakizeeka waonane humo. Sasa walitakiwa watafute wazo moja la kukishika kitabu kizima, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho.

Tulikuwa tumekaa mlangoni pa jikoni, tunachambua managu, mboga za jioni.

"Magokoro," akaniambia, maana hivyo ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita nyanya, "tumepeleka nyota, mwalimu amekataa. Tukapeleka ndege ya abiria, amekataa. Tukapeleka taji, akasema kila shule imeshaweka taji."

"Wewe ndege umepanda lini?"

"Sijapanda."

"Na taji umevaa lini?"

Akacheka kidogo. Akanionyesha kwenye simu jinsi walivyopanga picha zao. Nikamwambia ukweli: mmejipanga kama mayai kwa trei. Sweta moja, tabasamu moja. Hata mama mzazi atahitaji miwani mbili kumpata wake.

Hapo mvua ikaanza. Hilo jiko langu la zamani ndilo jengo pekee la udongo lililobaki katika boma hili, na mvua ikilipiga linatoa harufu. Harufu ya udongo uliokandikwa kwa mavi ya ng'ombe, nyinyi hamuijui. Mimi ilinichukua moja kwa moja mpaka darasa la nne.

Shule yetu ilikuwa juu kwenye mteremko, upande wa Magwagwa, madarasa manne ya udongo na nyasi. Kila Ijumaa ilikuwa siku ya kukandika. Wasichana walikuja na mavi ya ng'ombe kwa majani ya mgomba, wavulana wakapanda na maji kutoka mtoni. Tulisiriba sakafu, tukaziba nyufa, tukaimba, tukarushiana matope mpaka mwalimu akohoe. Ilikuwa lazima imalizike mapema, kwa sababu Jumamosi, siku yetu ya Sabato, darasa letu liligeuka kanisa, na wazee hawakutaka kukaa penye tope bichi. Mpaka leo Ijumaa mchana mikono yangu inawasha, inatafuta kazi.

Mwaka huo mwalimu wetu alikuja na jambo jipya. Alikuwa mtu mwembamba, mkali, mwenye suti moja ya kahawia, na akisema kitu umesikia. Alisema darasa la nne litakapofunga mwaka litajiandika ukutani, ukuta wa mbele wote, wazazi waje waone. Picha hatukuwa nazo, basi kila mmoja angebandika kiganja chake kwenye udongo mbichi, na kando yake akandamize kitu kimoja cha kwao: gunzi la hindi, jani la jimbi, kifungo cha shati. Chini tungepaka majivu, katikati udongo mwekundu, juu ule mweupe wa kuchimbwa mtoni. Jamani, hatukulala! Kila mtu alitembea akitazama vitu vya kwao kama mwizi.

Mimi sasa nilikuwa na shida yangu. Muhula wa pili wote nilikuwa nyumbani nikibeba ndugu yangu mdogo mgongoni, mama akiwa shambani kwa pareto. Na baba alikuwa ameshasema, bila kupandisha sauti, kwamba huo ndio mwaka wangu wa mwisho shuleni. Nilijua basi kwamba kama kiganja changu hakitakuwa kwenye ule ukuta, hakuna mahali popote patakapoonyesha kwamba mimi nami nilisoma. Na wenzangu walikuwa wameshanitoa.

"Wewe ni mgeni hapa," binti wa jirani yetu aliniambia mbele ya wote. "Mgeni hakandiki nyumba ya watu!"

"Anakandika matako ya mtoto!" mwingine akadakia, wakacheka mpaka wakashikana.

Nilienda kwa mwalimu nikilia. Aliniangalia juu ya miwani. "Jina lako liko kwa rejista?" Nikasema liko. "Basi Ijumaa leta mavi ya ng'ombe kama wengine, na ya kutosha. Kazi ndiyo itakuingiza."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Ijumaa asubuhi ndugu yangu alilia mpaka nikachelewa. Kufika zizini, majirani walikuwa wameshazoa yote. Nikaangaza angaza. Uani kwa nyanya yangu palikuwa na kiwanja alichokisiriba apurie wimbi, yaani ulezi, na alikuwa amemaliza kupura juzi yake. Mvua ilikuwa imekilowesha kile kisiribo, kikatoka kama mkate. Nikakwangua chote, na makapi yake, nikafunga kwa jani la mgomba, nikakimbia. Nilidhani nimeokota bahati.

Tukakanda, yangu yakachanganyika na ya wengine, tukakandika. Walibandika viganja vyao kwa mpango, warefu juu, wafupi chini. Mimi niliwekwa wa mwisho, pembeni karibu na mlango, kwa donge lililobaki, ambalo karibu lote lilikuwa lile langu. Sikuwa nimebeba kitu cha kwetu cha kukandamiza. Nilibandika kiganja tu, nikakaza mpaka mwalimu akasema, "Toa, utatoboa ukuta."

Wiki hiyo ilinyesha kila siku, udongo ukakaa mbichi, na shule hatukwenda. Na nyinyi hamjui kupura: hata upure vipi, punje hubaki kwenye makapi.

Sabato iliyofuata tuliingia kanisani, tukakuta ukuta umemea. Naapa. Viganja vilikuwa vya kijani! Vimechipua wimbi vidoleni, kila mkono na nywele zake, na changu pale mlangoni ndicho kilichojaa kuliko vyote, kama mkono wa nyani. Watoto tuliziba midomo kwa ngumi. Mzee wa kanisa alisimama, akakaribia, akachuma chipukizi moja, akanusa.

"Hiki ni kimea," akasema. "Kimea! Cha pombe! Kwenye ukuta wa nyumba ya Mungu!"

Sisi hatunywi pombe, na kila mtu pale alijua kwamba wimbi ukichipua ndio unakaushwa unasagwa wa busaa. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee akatoa amri kwamba ukuta ukwanguliwe wote jua likishazama Sabato iishe, wazazi wasije wakauona. Mwalimu wetu shingo ilikuwa imemuingia ndani ya ile suti.

Aliyesimama ni nyanya yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mgomvi, mwenye ubao wa kuketi aliokuja nao mwenyewe kanisani kwa sababu hakuamini benchi.

"Mzee," alisema, "leo asubuhi umekunywa nini kwako?"

"Uji."

"Wa nini?"

Mzee akakohoa. "Wa wimbi."

"Uliulewa?"

Kanisa lote likapasuka. Hata mke wa mzee alijifunika leso usoni, mabega yanaruka. Nyanya hakucheka. Alisema wimbi ule ni wake, anaujua, na mjukuu wake ndiye aliyekwangua kiwanja chake bila ruhusa, jambo ambalo wataongea nyumbani. "Lakini mikono ya watoto," akasema, "muwaache wazazi waione kwanza. Mtoto asiyehesabiwa hulala njaa hata sufuria ikijaa." Akaketi.

Na ukuta ukabaki.

Siku ya wazazi watu walikuja wengi. Akina mama walitafuta viganja vya watoto wao, wakavikuta, wakapiga vigelegele. Baba yangu alikuja amechelewa, na gumboots zake za shamba. Hakuwa mtu wa maneno. Akauliza, "Mkono wako ni upi?"

"Huo wenye majani mengi."

Akaweka kiganja chake juu ya kile changu, taratibu, asivunje chipukizi. Halafu akasema, "Buya mono," vizuri sana, na akageuka akaenda kuongea na wanaume wengine kuhusu bei ya pareto.

Shule sikurudi. Alikuwa amesema, na amesema. Kusoma Biblia na haya mengine nilikamilisha kanisani, ukubwani. Lakini miaka mitatu nzima, nikienda mtoni, nilipita njia ya mbali ili niuone ule mkono wangu mlangoni.

Haupo tena. Shule ni ya matofali sasa, ina milango ya chuma, na sakafu haikandikwi, inapigwa maji. Wimbi tunanunua kwa pakiti umeshasagwa. Sijasikia mtu akipura kwa jirani yangu tangu wanangu waoe. Hata ule ugomvi wa kugombania mavi ya ng'ombe, naukosa.

Mjukuu alikuwa ameacha managu. "Magokoro, hilo ndilo wazo letu!" Alianza kuchora pale pale nyuma ya daftari: kila mwanafunzi kiganja chake badala ya trei ya mayai, na kando yake kitu kimoja cha kwao. Jalada rangi tatu, majivu chini, nyekundu katikati, nyeupe juu. Akaorodhesha majina yote ya darasa lao. Alikuwa anang'aa, na mimi, nisiwadanganye, nilikuwa nang'aa zaidi.

Nikamuuliza wako wangapi. Akasema arobaini na mmoja.

"Na yule binti wa hapo chini, mliyekuwa mnaenda naye shuleni? Yeye ni wa ngapi?"

Akainamisha kichwa. "Yule alitoka muhula wa pili, Magokoro. Akapata mtoto. Kitabu ni cha wanaomaliza."

Nilisimama. Nikamwita mama wa mjukuu wangu, nikawaita na wengine wote waliokuwa nyumbani, wakaja wakasimama pale mvuani wakidhani kuna aliyefariki. Nikawaambia:

"Kesho, kabla mtu hajagusa kikapu cha majani chai, nendeni mkamlete yule msichana na mtoto wake. Mmoja ambebee mtoto, mwingine amkorogee udongo abandike kiganja chake. Na atakayemuuliza alifika kidato gani, asile kwangu."