Taa ya Matanga

Stima yetu haikutoka serikalini. Ilitoka mtoni, kwenye miteremko ya Mlima Elgon juu ya Kitale, kwa mashine ambayo wanachama wa ushirika wetu waliinunua kwa michango na kuijengea kibanda kwa mikono yao wenyewe. Kila mwanachama alikuwa na mita, na kila mwanachama alikuwa na kauli. Siku hizi naona kauli ndiyo iliyotuponza.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Boma likifiwa, liwe la mwanachama au la, baba yangu alitoa waya stoo kwetu, akauvuta kutoka nguzo ya karibu na kufunga balbu juu ya uwanja wa matanga. Taa iliwaka jioni zote hadi mazishi, na gharama tukagawana wote. Baba hakuwa fundi wa kusomea, alikuwa tu mkulima wa mahindi asiyeogopa ngazi. Mama alimtania kwamba anawajali wafu kuliko mkewe.

Kisha kiangazi kikawa kirefu, mto ukapungua, na ushirika ukalazimika kununua jenereta. Dizeli ikapanda, na bei ya stima ikaifuata, msimu baada ya msimu. Mama alikuwa na mashine ya kutotoa vifaranga, ambao aliwauzia wanawake wa Kiminini na hata wa Bumula, alikoolewa dada yake. Mashine hiyo haikujua kupumzika. Ukiizima, mayai yanaharibika. Ndiyo iliyotulipia karo, na sasa bili ilikuwa inaimeza.

Kwenye mkutano wa wanachama, kanisani baada ya ibada, mama alisimama. Alikuwa na ulimi, mama yangu.

“Si tuseme ukweli, jamani. Sisi tunaumia na bili, halafu tunawashia maiti. Kwani maiti anaona taa?”

Kanisa zima lilicheka. Hata mimi nilicheka, nikajivunia kuwa mwanawe. Mikono ikainuliwa na taa ya matanga ikaondolewa. Baba peke yake, kati ya waliokaa benchi letu, hakuinua wake.

“Taa haikuwa ya maiti, mama watoto,” alimwambia tukirudi nyumbani. “Ilikuwa ya wenye wamebaki.”

Mama alimwambia aache mahubiri, pasta ameshamaliza.

Bili iliyofuata ilikuwa juu zaidi. Dizeli ndiyo iliyokuwa ikitula, si ile balbu moja. Mama alihangaika nayo hadi akashindwa, akamwuzia dada yake mashine ya vifaranga. Hakutania mtu siku ile ilipobebwa.

Kabla ya mavuno baba alianguka shambani akipalilia, hakuinuka tena. Jioni hiyo hiyo jirani yetu mmoja, mwanakamati, alikuja na ngazi begani.

“Mama, tuweke sheria kando,” alisema. “Huyu mzee ametuwashia sisi wote.”

“Rudisha ngazi,” mama akajibu. “Yule mjane wa ng’ambo ya mto alizika mtoto wake kwa giza, sababu ya mdomo yangu. Sasa mimi ni nani?”

Nilimkasirikia, na hasira hiyo haijanitoka yote. Ndugu za baba walifika kutoka Kanduyi giza limeshaingia, wakapapasa wakitafuta viti. Shangazi yangu alipita karibu na kaka yake bila kumwona, ikabidi mtu amsogezee koroboi usoni mwa marehemu. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, lakini hakuna jirani aliyetuambia hivyo. Mjane wa ng’ambo alikuja pia, akakaa kando ya mama kwenye mkeka, akamshika mkono.

Mkutano uliofuata, mama alisimama tena, amevaa nguo ya kufiwa. Aliomba taa ya matanga irudishwe. Alisema atakuwa wa kwanza kulipia.

Mwenyekiti alikuwa mpya, kijana mpole. Aliinamisha kichwa kabla ya kujibu.

“Mama, pole sana. Lakini bei imepanda tena, na wanachama wanauliza kile uliuliza wewe. Ati kwani maiti anaona taa?”

Mama alibaki amesimama kidogo, akalitazama benchi letu, mahali baba alipokuwa akikaa. Kisha akaketi. Safari hii hakuna aliyecheka.