Tundu Alilolishona Nelima

Nelima hakupenda kusema kwamba anafua nguo. Alisema anafanya thieta, kwenye upasuaji wa hospitali. Majirani zake wa mtaa wa Kianda walimcheka: "Thieta gani hiyo inayochubua mikono hivyo?" Lakini hakudanganya. Kitambaa cha kijani kinachomfunika mgonjwa akipasuliwa, kile chenye dirisha katikati, kilipita mikononi mwake kabla hakijafika kwa daktari.

Kila asubuhi alimfunga mwanawe Lavender mgongoni, akatembea kutoka Kianda hadi Kawangware, akamwacha kwa Mama Jeremy, anayelea watoto katika chumba cha mabati nyuma ya ukuta wa hospitali. Alikichagua chumba hicho ili saa ya chakula aweze kutoka mbio akamnyonyeshe. Ubaya wake aliujua baadaye. Juu ya ukuta ule lilisimama bomba la tanuri la kuchomea taka, na siku hizo za mwanzo, Nelima akifua mashuka ya wodi tu, kila kitu cha thieta kilikuwa cha kutumia mara moja na kutupa: gauni, kofia, shuka za plastiki. Upasuaji mmoja, mifuko miwili. Tanuri liliwaka kila siku, na moshi ukashukia kwa Mama Jeremy kama mgeni aliyeuzoea mlango.

"Leo mmetuchomea nini, Mama Lavi?" Mama Jeremy alikuwa akiuliza huku akijipepea kwa leso. "Isiwe mguu wa mtu, na mimi ndio nimeepua sukuma wiki."

Nelima alicheka, lakini sikio lake lilikuwa kifuani mwa mtoto. Kifua kililia kama paka mdogo aliyefungiwa kabatini.

Mkubwa wa wauguzi wa thieta alikuwa Sista Wangoi, mama mfupi asiye na haraka, na alikuwa amechoka kuona thieta yake ikizaa takataka nyingi kuliko watoto. Aliwaomba wakubwa wa hospitali miezi sita: warudishe vitambaa vya kufuliwa na kuchemshwa kwa mvuke, waone kama kuna mgonjwa atakayedhurika. Asipodhurika mtu, vile vya kutupa viachwe. Wakakubali shingo upande. Kufua na kukagua akapewa Nelima.

"Wewe una macho," Sista alimwambia. "Kila kitambaa kinyanyue dirishani. Ukiona mwanga unapenya kama nyota, weka kando. Kuna viraka vya kubandika kwa pasi. Kisipopata kiraka, kisirudi thieta. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Sista."

Tanuri likawa la Ijumaa tu. Kufikia mwezi wa tatu wa jaribio, kifua cha Lavender kilikuwa kimenyamaza. Akawa analala mchana bila kushtuka, na siku moja akashika bati, akasimama, akajishangaa. Nelima alipokuwa akirudi kazini mchana ule alilitazama bomba lililopoa, akajiona mtu. Hakumwambia yeyote.

Mwezi wa tano viraka viliisha. Sista aliandika kuomba vingine, akaambiwa kesho, na kesho ikawa na kesho yake. Rafu ya vitambaa ikazidi kupungua. Ikafika asubuhi ambayo akina mama watatu walikuwa wanangoja kupasuliwa wajifungue, na vitambaa vizima vilikuwa viwili. Kikikosekana cha tatu, lingefunguliwa boksi la vile vya kutupa, na Nelima alijua boksi likishafunguliwa halifungwi tena. Akanyanyua kitambaa kingine dirishani. Tundu moja, dogo kama punje ya wimbi.

Mamake kule Chwele hakuwahi kutupa nguo kwa sababu ya tundu. Alimfundisha kushona akiwa darasa la nne: uzi mwembamba, mishono iliyobanana, mpaka kidole kikipita kisijue kulikuwa na nini. Nelima akachomoa sindano kwenye ukosi wa sare yake. Akashona vizuri. Alishona vizuri sana. Alipokinyanyua tena, hakuiona nyota. Hakufikiri kwamba sindano nayo huacha njia kila inapopita, na majimaji yanayobeba vijidudu hayahitaji njia pana.

Kitambaa kile kilimfunika Aoko, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika mtaa wa Lindi, ambaye Nelima alikuwa mteja wake.

Siku ya tisa Aoko alirudishwa hospitalini, mshono wa tumbo umefumuka, mwili unawaka. Nelima alimkuta wodini alipokwenda kuchukua mashuka.

"Mama Lavi," Aoko alisema, akiutafuta utani wake, "huko ndani mlinitia pilipili?" Kisha akafumba macho. Mtoto wake alikuwa analia kando yake. Aoko akanyoosha mkono, na mkono haukufika.

Dokta Kaloki, ambaye tangu mwanzo hakuvitaka vitambaa, aliagiza vyote viletwe dirishani. Walikuwa watatu tu, yeye, Sista na Nelima. Alivinyanyua kimoja kimoja mpaka akakifikia kile. Akakipapasa kwa kidole gumba.

"Nani ameshona hapa?"

Nelima alimtazama Sista, akaona kwamba Sista ameshajua, na kwamba hatasema. Ingetosha kusema kilitoka kwa fundi hivyo hivyo. Vitambaa vingebaki. Lavender angeendelea kulala mchana. Lakini mkono wa Aoko usiofika haukumtoka machoni.

"Ni mimi, daktari. Kulikuwa na tundu, na viraka viliisha."

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. "Kidonda huharibika kwa mambo mengi," alisema polepole. "Huenda si kitambaa. Lakini sasa hatutajua, sivyo?"

Maboksi yakafunguliwa juma lile lile. Kwenye ujia Sista alimshika bega. "Siku viraka vilipoisha, mimi ndiye niliyepaswa kusimamisha jaribio," alisema. "Nilitaka tu miezi sita itimie." Akarudi thieta.

Aoko alitoka baada ya majuma matatu, maziwa yamemkauka. Nelima alimwendea Lindi akamweleza yote. Aoko alisikiliza, akamfungia omena kama siku zote, na hakumtania.

Kazi hakufukuzwa. Kufua kulikuwa kumekwisha, kwa hiyo akapewa kubeba mifuko ya thieta mpaka kwenye tanuri. Huufungua mlango kwa ndoano, huitupa mifuko ndani, husubiri ishike moto. Halafu hunawa mpaka kwenye viwiko, akazunguka ukuta kwenda kunyonyesha.

Mama Jeremy haulizi tena wamechoma nini. Humpisha tu mlangoni, na Nelima hukaa chini, humpakata mwanawe, huweka sikio pale kifuani. Paka amerudi. Humsikiliza mpaka saa yake iishe, kisha hurudi, kwa sababu mifuko ya mchana inamngoja.