Ramani ya matete niliyoichora mwenyewe

Admin, jina langu usiliweke. Nina miaka sitini na nane, ni muzee wa Buyenzi, Bujumbura, na nilikuwa mfanyakazi wa leta, yaani serikali, mpaka pensheni. Kazi yangu yote niliifanyia kwenye hifadhi ya viboko karibu na ziwa, nikifundisha wanafunzi mambo ya wanyama na mazingira. Musinianzie na "pole muzee" kabla hamujamaliza kusoma.

Kabla ya vita shule zilileta watoto kila wiki. Ili wasikanyage pabaya nilichora ramani ya matete: njia za viboko, penye maji mengi, na pale pakavu ambapo darasa zima linaweza kusimama bila kulowana. Nilizunguka miezi na Zakaria, mulinzi wa hifadhi, yeye mbele na panga, mi nyuma na daftari. Nilijisifu na ramani hiyo mpaka watu wa biro, wenzangu wa ofisini, wakanichoka.

Vita ikaingia mujini. Shule zikaacha kuja, ila sisi tuliendelea kwenda kazini, tunakaa tu. Watu waliokimbia kutoka mutaa wa Kamenge walianza kujificha ndani ya matete. Zakaria naye akampeleka mke wake, Daforoza, pamoja na mama mkwe. Aliniambia mwenyewe: "Nimewaweka pale pakavu, pa wanafunzi. Nani atapajua?"

Siku moja asubuhi shefu wangu akaingia biro na wanaume watatu wenye silaha. Sitasema ni wa upande gani, haitabadilisha kitu. Mukubwa wao akaniambia kwa heshima, "Mwalimu, tumesikia we ndiye unajua matete kuliko wote." Hakunipiga wala kunitisha. Na mi, ambaye miezi mingi hakuna mutu aliyeniuliza kitu, nikamutandazia ramani mezani. Tena nikaisahihisha. "Apana, hii njia siku hizi imejaa maji. Pitieni huku, mutafika pakavu."

Mutaniuliza kama nilimukumbuka Daforoza. Nilimukumbuka gari lilipokwisha kuondoka. Zakaria alikuwa getini, dakika kumi kwa miguu. Niliogopa, nikabaki kwenye kiti changu.

Hawakurudi, Daforoza na mama yake. Zakaria alilia kifuani kwangu akiuliza ni nani aliwaonyesha njia wale watu. Nikamujibu, "Ni vita, ndugu yangu." Najichukia kwa maneno hayo mpaka leo. Baadaye nikapandishwa cheo, nikaendelea kuwafundisha watoto wa watu kupenda viumbe vya Mungu. Nilikuwa mwalimu muzuri, wote wanasema hivyo.

Sasa biro wanataka kuichapa upya ile ramani, jina langu juu, waibandike ukutani. Aliyeniletea habari ni Zakaria. Anakaa Kanyosha, hakuoa tena. Juzi alikuja na kopi yake ya ramani, akanywa chai, akaweka kidole pale pakavu. "Muzee mwenzangu, hatukumuzika. Mi sina hata mahali pa kumuwekea maua. Uniwekee alama hapa, musalaba mudogo tu. Uchore we mwenyewe, kwa sababu yeye alikuita kaka."

Nilimwambia macho yananisumbua, arudi Jumamosi.

Jana nilimuambia mke wangu kila kitu, mara ya kwanza. Akasema nichore, nifunge mudomo, yule muzee asiumizwe mara ya pili. Labda ana haki. Lakini labda anasema hivyo kwa sababu nasi tuna jina hapa mutaani. Nikisema, Zakaria atabaki bila rafiki, maana hana mwingine. Nisiposema, nitamuchorea mke wake musalaba, na atanishukuru. Hilo la kunishukuru ndilo siliwezi.

Leo Alhamisi, kopi iko hapa mezani. Sitaki munitukane, hiyo kazi naifanya mwenyewe. Nawauliza nyinyi muliopoteza watu wenu wakati ule, na mupaka leo hamujui nani aliwaonyesha njia: mungetaka kuambiwa?